Kengele ya Mbali Ikilia Ufipa: Chanzo Kitafutwe Kabla Gari Halijaondoka

MFANYABIASHARA wa mahindi mjini Sumbawanga ambaye lori lake limekwisha kupakia magunia 300 hana haja ya kuelezwa maana ya mtandao kukatika. Wakulima wa Laela na Mpui wanasubiri fedha zao kwa simu. Dereva anadai posho na mafuta ya safari. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anasema fedha amekwisha kuziingiza benki, na karani wa benki anasema mtandao hakuna. Kila saa inayopita lori limesimama, makuli wanadai, na bei ya jioni inaweza isiwe ile ya asubuhi.

Siku kama hiyo swali la kila mtu ni moja: watatengeneza saa ngapi? Wengi hudhani jibu linategemea ustadi wa kuunga waya uliokatika. Ustadi huo una nafasi yake, lakini saa nyingi zaidi hupotea au huokolewa kabla ya hapo, mbele ya kompyuta iliyojaa alama nyekundu katika chumba cha uangalizi kilicho mbali na Sumbawanga. Alama zikisomwa vizuri, gari la mafundi litakwenda mahali panapostahili likiwa na vifaa vinavyostahili. Zikisomwa vibaya, gari litaelekea Tunduma kumbe tatizo liko upande wa Mpanda, na siku ya soko itakuwa imekwisha.

Somo la wiki hii linaeleza namna kengele hizo zinavyosomwa. Mfanyabiashara hatakiwi kuwa fundi. Lakini mtu anayeweka mtaji katika uwakala wa fedha kwa simu, duka la intaneti, ghala au huduma yoyote inayotegemea mkongo, anapaswa kujua maswali ya kumuuliza anayemuuzia huduma hiyo.

NJIA NDEFU, MAFUNDI WACHACHE

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Awamu ya pili ya Mkongo wa Taifa ilipokamilika mwaka 2012, njia zake zilikuwa zimefikia takriban kilomita 7,560, zikiendeshwa na TTCL, na zilikuwa zimeunganishwa na nchi jirani mipakani, ikiwemo Zambia kupitia Tunduma.

Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kati ya bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Kutoka hapo hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Mpanda vilevile ni zaidi ya kilomita 200. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000. Safari moja ya bure kati ya Sumbawanga na Tunduma, kwenda na kurudi, inazidi kilomita 400. Hiyo ni siku nzima ya gari, mafuta na watu, na huduma bado haijarudi.

Mazingira nayo yana mchango wake. Mvua za Ufipa huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili, zikija na radi. Maji hubomoa kingo za makalvati ambamo mkongo umepita. Wakati wa kiangazi moto wa nyika hufika kwenye nguzo. Greda na mashine za kuchimba mitaro hukata mkongo bila dereva kujua. Aidha, betri na dizeli huwavutia wezi. Yote haya, yawe makubwa au madogo, hufika katika chumba cha uangalizi kwa sura moja: kengele.

KENGELE HUSEMA KINACHOUMA, SI KILICHOUMIZA

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Leza upande mmoja hutuma mwanga, na kipokezi upande wa pili huusoma. Kwa kawaida nyuzi hutumika mbili mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Katika kila kituo mtambo hujipima wenyewe bila kupumzika: mwanga unafika kwa nguvu gani, umeme uko kiasi gani, joto la chumba ni nyuzi ngapi, mlango umefunguliwa au umefungwa. Kipimo kikitoka nje ya mpaka uliowekwa, mtambo hutuma taarifa. Taarifa hiyo ndiyo kengele.

Kengele hupangwa kwa uzito. Katika mitambo mingi nyekundu ni ya hatari kabisa, inayofuata ni ya tatizo kubwa, kisha ya tatizo dogo, na ya mwisho ni onyo tu. Hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika. Fundi mgeni hukimbilia nyekundu na kuziacha nyingine. Lakini nyekundu mara nyingi ni matokeo. Onyo dogo la njano lililokuja saa tano kabla, likisema umeme wa kawaida umekatika katika kituo fulani, ndilo linaloweza kuwa chanzo cha nyekundu zote zilizofuata.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kengele husafiri katika mkongo uleule unaoulinda. Kituo kilichokatika kila upande hakiwezi kueleza kilichokipata. Kitakuwa kimya, na wanaolia ni majirani zake. Kwa hiyo katika kazi hii ukimya wa kituo huhesabiwa kuwa kengele, tena ya kusikilizwa kwa makini kuliko zile zinazopiga kelele.

HERUFI TATU ZA KUJUA

Mafundi hutumia vifupisho vingi, lakini vitatu vinatosha kuelewa sehemu kubwa ya mambo.

Cha kwanza ni LOS. Maana yake ni kwamba mwanga haufiki kabisa katika kipokezi. Herufi hizohizo huonekana pia kwenye kisanduku cha faiba kilichofungwa ofisini au dukani, na taa yake huwaka nyekundu.

Cha pili ni RDI. Hii ni taarifa inayotoka upande wa pili, kana kwamba jirani anasema: "Wewe nakusikia vibaya, unachonitumia hakinifikii." Kituo kinachoonyesha RDI chenyewe kinapokea vizuri. Tatizo liko katika kile kinachotoka kwake kwenda kwa mwenzake.

Cha tatu ni AIS. Hii ni taarifa ya kituo kilicho mbele ya tatizo, kikiwaambia wanaofuata: "Hasara imetokea nyuma yangu, msihangaike nami." Mkongo mmoja ukikatika, AIS zinaweza kumiminika kwa mamia, kwa sababu kila njia ya simu, ya benki na ya intaneti iliyopita humo hutoa yake. Fundi mzoefu akiona mvua ya AIS huiweka kando na kutafuta LOS iliyo nyuma yake.

MFANO WA DARASANI

Mfano ufuatao ni wa kufundishia. Majina ya miji yametumika ili iwe rahisi kufuata njia. Ichukuliwe kuwa kuna vituo vitatu vilivyofuatana: Tunduma, Laela na Sumbawanga, na kwamba chumba cha uangalizi kinaviona kwa kupitia Tunduma.

Hali ya kwanza: Sumbawanga inatoa LOS upande wa Laela, na Laela inaonyesha RDI tu. Maana yake mwanga wa kutoka Laela haufiki Sumbawanga, lakini wa kutoka Sumbawanga unafika Laela. Uzi mmoja ni mzima. Shoka au greda ni nadra kukata uzi mmoja na kuuacha mwenzake. Cha kutazamwa kwanza ni leza ya Laela, plagi yenye vumbi, au uzi uliokunjwa vibaya katika shimo la mkongo. Anayetakiwa ni fundi mmoja mwenye leza ya akiba na kifaa cha kusafishia plagi. Kikosi cha kuchimba hakihitajiki.

Hali ya pili: Laela inatoa LOS upande wa Sumbawanga, na Sumbawanga yenyewe haionekani kabisa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Picha hii moja ina maelezo mawili. Huenda mkongo umekatika kati ya miji hiyo miwili. Huenda pia mkongo ni mzima, lakini kituo cha Sumbawanga kimezimika kwa kukosa umeme, kwa hiyo hakuna leza inayotuma mwanga. Kwa anayetazama kutoka mbali mambo haya mawili yanafanana kama mapacha, lakini tiba zake ni tofauti kabisa. La kwanza linataka mashine ya kuungia nyuzi, kipande cha mkongo na majembe. La pili linataka jenereta, dizeli au betri.

Hali ya tatu: Laela imetoweka, na Tunduma inatoa LOS upande wa Laela. Kama Sumbawanga ina njia nyingine ya kuonekana, mathalani kupitia Mpanda, nayo inatoa LOS upande wa Laela, basi majirani wote wawili wanamlilia mmoja aliye katikati. Mkongo kukatika pande mbili za kituo kimoja kwa wakati mmoja ni jambo la nadra. Mtuhumiwa wa kwanza ni umeme wa Laela.

NAMNA YA KUTENGANISHA MAPACHA

Hali ya pili ndiyo inayostahili kujifunzwa zaidi, kwani ndiyo inayokutokea mara kwa mara mahali penye njia moja. Zipo hatua nne za kutenganisha mkongo uliokatika na kituo kilichozimika, na zote hufanyika kabla gari halijawashwa.

Hatua ya kwanza ni kurudi nyuma katika daftari la kengele na kutafuta ya mwanzo, si ya mwisho. Kama saa 2 usiku Sumbawanga ilituma taarifa ya kukatika kwa umeme wa kawaida, na baadaye ikatuma taarifa ya betri kushuka, kisha ikanyamaza, kesi imekwisha. Kama ilinyamaza ghafla bila dalili yoyote ya umeme, mkongo unashukiwa zaidi. Ushahidi huu una thamani tu iwapo saa za mitambo yote zinalingana. Kituo ambacho saa yake iko nyuma dakika 10 kitamfanya mkosaji aonekane shahidi.

Hatua ya pili ni simu. Mlinzi wa kituo, fundi wa umeme wa eneo hilo, hata mwenye duka jirani, anaweza kusema kama taa zinawaka na kama jenereta inanguruma. Simu ya dakika moja imeokoa safari nyingi za kilomita 200. Ndiyo maana orodha ya namba za walinzi, iliyohakikiwa kila mwezi, ni kifaa cha kazi sawa na mashine yoyote.

Hatua ya tatu ni kuuliza nani mwingine amekatika. Kampuni nyingine inayotumia mkongo huohuo lakini yenye chumba chake na umeme wake ikikatika sekunde ileile, lawama inahamia kwenye mkongo. Ikiwa yenyewe iko hewani, lawama inarudi kwenye chumba.

Hatua ya nne ni kuupima uzi wenyewe kutoka Laela. Kipimo kikionyesha uzi umekwenda hadi mwisho wake Sumbawanga, mkongo hauna kosa, hata kama kengele zote ni nyekundu.

Ipo tahadhari moja. Baadhi ya mitambo, kwa kulinda macho ya mafundi, huzima leza yake yenyewe inapokosa mwanga kutoka upande wa pili. Hivyo hali ya kwanza, ya uzi mmoja, inaweza kugeuka kwa sekunde chache ikaonekana kama nyuzi zote mbili zimekatika. Asiyetazama ni upande upi ulianza kulia atatuma kikosi cha kuchimba kwa ajili ya vumbi kwenye plagi.

HESABU YA BETRI

Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme wake kutoka Zambia, nje ya Gridi ya Taifa. Kwa vituo vya mawasiliano katika maeneo ya namna hiyo, betri na jenereta si pambo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mitambo mingi ya mawasiliano hutumia umeme wa volti 48. Ichukuliwe betri ya ampea-saa 200, na mtambo unaokula ampea 20. Kwa karatasi, 200 ukigawa kwa 20 ni saa 10. Lakini betri iliyochakaa hadi nusu ya uwezo wake itatoa saa 5, na kwa kuwa haitakiwi kukaushwa kabisa, saa 4 ndizo za kutegemea.

Umeme ukikatika saa 2 usiku, betri mpya ingefikisha kituo karibu saa 12 asubuhi. Ile iliyochoka itakata saa 6 usiku. Mfanyabiashara anayeamka alfajiri na kukuta simu haitumi fedha hudhani tatizo limeanza wakati huo, ilhali limekuwapo kwa saa 6, na chanzo chake kina saa 10. Kama onyo la saa 2 usiku lingeshughulikiwa, fundi angefika na jenereta kabla kituo hakijazimika, na asubuhi hakuna ambaye angejua kuwa kulikuwa na tatizo. Hii ndiyo faida ya kuheshimu kengele ndogo.

KUPIMA MAHALI ULIPOKATIKA

Ikithibitika kuwa mkongo umekatika, swali linalofuata ni wapi. Kifaa ambacho mafundi hukiita OTDR hutuma mwanga wa kufumba na kufumbua ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi unaorudi. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwangwi unaochukua sekunde moja iliyogawanywa mara laki moja kwenda na kurudi umetoka umbali wa kilomita moja. Kifaa hufanya hesabu hiyo chenyewe na kuandika umbali.

Mtego ni kwamba umbali huo ni wa uzi, si wa barabara. Mkongo huachwa mizunguko ya akiba katika mashimo na kwenye nguzo, na nyuzi zenyewe zimejisokota ndani ya ganda. Kilomita 51 za uzi zinaweza kuwa 49 za barabarani. Mafundi wanaotegemea kipimo cha gari peke yake hupita mahali penyewe na kuanza kuchimba mbele. Dawa ni kuwa na daftari la njia linaloonyesha kila shimo na urefu wa uzi hadi hapo.

Busara nyingine ni kupima kutoka pande zote mbili. Ichukuliwe kipande cha kilomita 80. Upande wa kwanza unasoma 51.4 na wa pili unasoma 28.6. Jumla ni 80, kwa hiyo umekatika mahali pamoja. Lakini kama upande wa pili unasoma 24.1, jumla ni 75.5, na kilomita 4.5 hazina maelezo. Hiyo ina maana kuna mikato miwili, au kipande chote cha katikati kimeharibika, kwa mfano kwa moto au mafuriko. Kikosi kilichopima upande mmoja tu kitaunga mahali pa kwanza jioni, kitawasha mtambo, na kukuta bado nyekundu, na kipande cha ziada cha mkongo kimebaki ghalani.

KIRAKA JUU YA KIRAKA

Kila kilomita ya uzi hula mwanga kidogo, na kila kiungo hula chake. Kipimo chake ni desibeli. Zikipotea desibeli 3, mwanga unabaki nusu. Zikipotea 10, unabaki sehemu moja ya kumi.

Kipande cha kilomita 80 kinachokula desibeli 0.22 kwa kilomita hupoteza 17.6. Viungo 20 vya 0.1 hupoteza 2. Plagi mbili za 0.5 hupoteza 1. Jumla ni 20.6. Ikiwa mtambo unavumilia upotevu wa 28, akiba ni desibeli 7.4. Akiba hiyo ni kama fedha iliyowekwa kwa ajili ya dharura.

Kila mkongo unapokatika, kwa kawaida hupachikwa kipande kipya, na hivyo viungo viwili huongezeka. Matengenezo 8 yaliyofanywa vizuri, kwa viungo vya 0.1, yatakula 1.6 tu. Matengenezo 8 ya haraka haraka, kwa viungo vya 0.5, yatakula 8, na akiba yote imekwisha. Laini hiyo sasa itakuwa na kengele za kuja na kuondoka: mchana wa jua inalia, usiku inanyamaza. Fundi akifika haoni kitu.

Kengele za namna hii hazitibiwi kwa kuzimwa. Hutibiwa kwa kuandika nguvu ya mwanga kila wiki na kulinganisha. Laini iliyoshuka desibeli 3 katika miezi mitatu inatoa onyo mapema kabisa, kama gunia linalovuja nafaka polepole chini ya shehena.

MASWALI YA MWENYE MTAJI

Anayenunua huduma ya mkongo kwa biashara yake, au anayefikiria kuwekeza katika kampuni inayoiuza, hahitaji kuomba kuonyeshwa mitambo. Maswali machache yanatosha.

La kwanza: njia ya pili inapita wapi? Kuwa na kampuni mbili si kuwa na njia mbili, kwani zote zinaweza kuwa zimekodi nyuzi katika mkongo mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM iliharibika siku moja, kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Majina yalikuwa mawili, lakini mikongo ilipita jirani. Sumbawanga iliyounganishwa Tunduma na Mpanda pia ni salama zaidi kuliko ile yenye kampuni tatu katika mtaro mmoja.

La pili: mkataba unaahidi nini hasa? Ahadi ya asilimia 99.5 kwa mwaka huonekana nzuri. Lakini mwaka una saa 8,760, na nusu ya asilimia moja ni karibu saa 44. Hakuna kinachozuia saa hizo zote kuangukia wiki moja ya mavuno. Ahadi ya asilimia 99.9 inaruhusu chini ya saa 9. Kilicho bora zaidi ni kuandikiana pia muda wa juu wa tatizo moja, na fidia yake.

La tatu: vifaa vya akiba na mafundi wako wapi? Mashine ya kuungia nyuzi iliyoko Mbeya haimfai mtu wa Sumbawanga kama ile iliyoko mjini hapo.

La nne: betri zilijaribiwa lini kwa kuzimiwa umeme? Asiye na tarehe ya kujibu, hana betri, ana masanduku.

La tano: matengenezo mangapi yamefanyika katika njia hii, na akiba ya mwanga imebaki kiasi gani? Kampuni inayojua namba hiyo inazijua mali zake.

Kabla ya kulipia njia ya pili, mfanyabiashara aandike hasara yake mwenyewe ya saa moja: kusimama kwa lori, makuli, kamisheni iliyopotea, mteja aliyekwenda kwa jirani. Azidishe kwa saa ambazo mkataba unaruhusu. Namba hiyo ikizidi bei ya laini ya akiba, jibu limepatikana. Isipozidi, akiba ya fedha taslimu mezani siku ya soko inaweza kutosha.

SIKU YA TUKIO

Mtandao unapokatika, mwenye duka anayo kazi ndogo yenye manufaa. Aandike saa kamili. Atazame kisanduku chake: kama hakina taa hata moja, umeme ni wake, kama taa ya LOS ni nyekundu, mwanga haufiki, kama taa zote ni za kawaida, tatizo liko mbele zaidi. Aulize majirani wawili wanaotumia kampuni tofauti. Taarifa hizo tatu, zikitolewa kwa mpokea simu wa kampuni, zina thamani kuliko malalamiko ya nusu saa.

Zaidi ya yote, asitume fedha mara ya pili kabla ya kupata uhakika wa mara ya kwanza. Muamala uliokwama njiani wakati mtandao unakatika unaweza kukamilika unaporudi, na wengi wamelipa gunia moja mara mbili kwa njia hiyo. Namba ya kumbukumbu iandikwe, salio lihakikiwe, ndipo lori liondoke.

Wenyeji hueleza kuwa jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Kwa mambo ya mkongo ushauri huo unafaa. Kengele haziji kwa mkosi, na hazitibiwi kwa kubahatisha. Zinayo ya kwanza na ya mwisho, zinao majirani walioona, na zinayo hesabu. Kampuni inayozisoma kwa mpangilio huo itapeleka gari moja, mara moja, mahali pamoja. Nyingine itazunguka uwanda wa Ufipa mchana kutwa, na gharama ya mafuta yake hatimaye italipwa na mteja.